Kusoma Riwaya za Australia kwa Kipolandi: Mwongozo kwa Msomaji wa Kiswahili Aliyeko Polandi

Mtu wa Afrika Mashariki aliyekwenda Polandi kwa masomo au kazi, akamaliza mwaka wake wa kujifunza lugha, hukutana na pengo ambalo darasa haliwezi kuliziba. Vitabu vya kiada vimekwisha, ilhali riwaya za magwiji wa Kipolandi bado ni nzito mno kwake. Nashauri pengo hilo lizibwe kwa riwaya pendwa na riwaya za kihistoria za Australia zilizotafsiriwa kwa Kipolandi. Aliyesoma Tanzania, Kenya au Uganda anakijua Kiingereza, kwa hiyo anaweza kuweka toleo la asili kando ya tafsiri na kujisahihisha mwenyewe bila mwalimu. Tena mfasiri wa riwaya pendwa huandika Kipolandi cha leo, kile kinachosikika kwenye tramu na dukani, na hadithi yenyewe humvuta msomaji hata pale kamusi inapomchosha. Mwongozo huu unamfaa aliyefikia walau kiwango cha B1, yaani kiwango cha kati cha lugha, na unafuata mpangilio wa kazi yenyewe: kutambua, kutafuta, kupata, kuchagua, kusoma, na kuhakiki.

Hatua ya kwanza: tambua ni kitabu gani kinachohesabiwa kuwa cha Australia

Wengi huanza kwa kutafuta jalada lenye jangwa jekundu au kangaruu, na kwa njia hiyo hupitwa na vitabu vizuri kuliko vyote. Uaustralia wa riwaya uko kwa mwandishi, si lazima uwe katika mandhari. Markus Zusak alizaliwa Sydney mwaka 1975, lakini riwaya yake iliyosomwa sana nchini Polandi, Złodziejka książek, inatokea Ujerumani ya Wanazi. Hannah Kent aliandika juu ya Agnes Magnúsdóttir, mwanamke aliyehukumiwa kifo na kukatwa kichwa huko Iceland mwaka 1830, na kitabu hicho Wapolandi wanakijua kwa jina la Skazana. Kate Morton, aliyekulia Queensland, hupenda majumba makongwe ya Uingereza. Colleen McCullough naye, baada ya kuandika riwaya ya familia iliyompa umaarufu duniani, alitumia miaka mingi kuiandika Roma ya kale katika mfululizo wa vitabu saba vilivyotoka kati ya mwaka 1990 na 2007.

Kuna kitabu kingine ambacho utakikuta rafu hiyo hiyo na ambacho si tafsiri hata kidogo. Ni Tomek w krainie kangurów cha Alfred Szklarski, kilichotoka mwaka 1957, kinachomsimulia kijana wa Warszawa anayesafiri hadi Australia mwaka 1902 kukamata wanyama pamoja na baba yake. Vizazi vya Wapolandi viliijua Australia kwanza kupitia kitabu hiki, na mwaka uliofuata mwandishi akampeleka kijana huyo Afrika Mashariki katika Tomek na Czarnym Lądzie. Lugha yake ni nyepesi na inafaa kwa mazoezi, ingawa msomaji wetu asome akijua kwamba macho yake juu ya Waafrika na wenyeji wa asili wa Australia ni macho ya zama za ukoloni.

Historia yenyewe iliunganisha nchi hizi kwa njia ambayo hakuna mtunzi aliyeibuni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto waliotolewa Siberia na kupitia Uajemi, waliwekwa katika kambi za Afrika Mashariki. Kambi ya Tengeru karibu na Arusha peke yake ilikuwa na watu takribani 5,000, na makaburi yao yapo hadi leo. Mwaka 1950 meli ya General Langfitt iliwachukua zaidi ya elfu moja kutoka Mombasa hadi Fremantle, Australia Magharibi, wakaanza maisha upya huko. Ukikutana na familia ya Kipolandi ndani ya riwaya ya Australia, kumbuka kwamba baadhi ya familia kama hizo zilipitia kwetu.

Hatua ya pili: tafuta jina la Kipolandi la kitabu

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa kuwa wachapishaji wa Polandi hawalazimiki kufuata jina la asili. The Husband's Secret ya Liane Moriarty imekuwa Sekret mojego męża, na hilo ni rahisi kulikisia. Big Little Lies imekuwa Wielkie kłamstewka. Lakini Burial Rites kuwa Skazana, na The Narrow Road to the Deep North ya Richard Flanagan kuwa Ścieżki północy, ni mambo ambayo hutayapata kwa kutafsiri neno kwa neno kichwani. Kwa hiyo usitafute kwa jina ulilolitunga mwenyewe. Tafuta kwa jina la mwandishi.

Katalogi ya kuanzia ni ya Biblioteka Narodowa, maktaba ya taifa iliyoko Warszawa, ambayo hupokea kwa mujibu wa sheria nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini. Andika jina la ukoo la mwandishi, kisha chuja kwa lugha ya Kipolandi. Katika maelezo ya kila kitabu utaona mstari wa „Tytuł oryginału”, yaani jina la kitabu katika lugha kilichoandikiwa, na huo ndio utakaokuthibitishia kwamba umepata kile ulichokitaka. Anayependa kuvinjari bila kuwa na mwandishi fulani akilini atumie alama ya uainishaji 821.111(94)-3, ambayo katika maktaba za Polandi huwekwa kwenye nathari ya Australia iliyoandikwa kwa Kiingereza. Tahadhari moja: alama hiyo hufuata uamuzi wa mkutubi, na waandishi waliohamahama huweza kuwekwa Uingereza au Marekani.

Jihadhari pia na majina ya watu yanavyonyambuliwa. Kwenye jalada au tangazo utasoma „powieść Richarda Flanagana” au „nowa książka Markusa Zusaka”. Jina la mwanamume hupokea viambishi vya mwisho kama nomino nyingine, kwa hiyo kabla ya kulipeleka kwenye katalogi lirudishe katika umbo lake la kawaida: Richard Flanagan, Markus Zusak. Majina ya wanawake yanayoishia kwa konsonanti, kama Kate Morton na Jane Harper, hubaki yalivyo.

Hatua ya tatu: kipate kitabu mkononi

Maktaba ya taifa haikopeshi vitabu kwa watu binafsi kwenda navyo nyumbani, kwa hiyo itumie kutambua tu, kisha nenda maktaba ya mji. Kila mji una matawi ya maktaba ya umma, na kukopa ni bure. Mgeni huombwa pasipoti au kadi ya ukaazi, na baadhi ya maktaba humtaka asiye na anwani ya kudumu aweke amana inayoitwa kaucja, ambayo hurudishwa anapofunga kadi yake. Mjini Kraków maktaba ya mkoa iko barabara ya Rajska, na mjini Warszawa ile kubwa iko barabara ya Koszykowa.

Kwa vitabu vya zamani, hasa matoleo ya miaka ya 1980 na 1990, nenda kwenye antykwariat, duka la vitabu vilivyotumika, au utafute kwenye soko la mtandaoni la Allegro. Riwaya za McCullough zilichapwa tena na tena na kwa kawaida hupatikana kwa bei ndogo.

Hatua ya nne: soma ukurasa ulio nyuma ya ukurasa wa jina

Kabla ya kulipa au kukopa, fungua kitabu na usome ukurasa huo mdogo ambao wengi huuruka. Tazama jina la asili, mwaka wa toleo la kwanza la Kiingereza, mwaka wa toleo la Kipolandi, na jina la mfasiri, ambalo hutanguliwa na neno „przełożył” kwa mwanamume au „przełożyła” kwa mwanamke. Złodziejka książek ilifasiriwa na Hanna Baltyn. Ścieżki północy ilifasiriwa na Maciej Świerkocki. Piknik pod Wiszącą Skałą cha Joan Lindsay kilifasiriwa na Wacław Niepokólczycki. Majina haya yaandike daftarini. Baada ya vitabu vichache utagundua kwamba mfasiri unayemwelewa vizuri ni mwongozo bora kuliko tangazo la jalada, kwa sababu sauti unayoisikia ukurasa baada ya ukurasa ni yake pia, na atakayekupendeza katika kitabu cha Australia anaweza kukufikisha kwenye vitabu vya nchi nyingine.

Namba ya ISBN nayo ina kazi yake. Kitabu kilichochapishwa Polandi huwa na tarakimu 83 baada ya 978, kwa hiyo unaponunua mtandaoni na picha ya jalada haionekani vizuri, tarakimu hizo zitakuhakikishia kwamba hutaletewa toleo la Kiingereza.

Hatua ya tano: panga mfuatano wa kusoma

Usianze na kitabu kilichopata tuzo kubwa. Anza na Liane Moriarty. Wahusika wake ni wazazi wa shule, majirani na wanandoa, na mazungumzo yao ni yale yale utakayoyahitaji kesho yake: kumpeleka mtoto shule, kumwalika mtu nyumbani, kugombana na kuombana radhi. Aliyetazama tamthilia ya televisheni ya Wielkie kłamstewka ajue kwamba iliihamishia hadithi Monterey, California, ilhali kitabu kinatokea katika mji wa kubuni kando ya bahari karibu na Sydney.

Kutoka hapo nenda kwa Jane Harper na riwaya yake ya upelelezi Susza. Askari Aaron Falk anarudi mji aliokulia, katikati ya ukame uliowamaliza wakulima, kuhudhuria mazishi ya rafiki yake. Sentensi ni fupi, maswali ya upelelezi yanarudiwarudiwa, na marudio hayo ndiyo yanayojenga msamiati. Msomaji aliyekulia Dodoma au Kitui hatahitaji kuelezwa ukame ni nini, na kwa sababu hiyo maneno ya ardhi iliyopasuka, mifugo iliyokonda na madeni ya shamba yatamkaa kichwani upesi kuliko maneno ya theluji. Ni vivyo hivyo kwa Krismasi ya jua kali ambayo hujitokeza katika riwaya nyingi za Australia. Mpolandi huiona ajabu, sisi tunaiona Desemba ya kawaida.

Baada ya viwili hivyo, ingia katika historia kwa Światło między oceanami cha M. L. Stedman, kisa cha mlinzi wa mnara wa taa na mkewe katika Australia Magharibi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambao baharini wanaletewa mashua yenye mtoto mchanga aliye hai. Kisha chukua Ptaki ciernistych krzewów, jina la Kipolandi la The Thorn Birds ya McCullough, iliyotoka mwaka 1977. Hiki ni kitabu kinene, kinachoifuata familia ya Cleary kuanzia mwaka 1915 hadi 1969, hasa katika shamba kubwa la kondoo la Drogheda huko New South Wales. Unene wake usikutishe. Riwaya ya familia humpa mwanafunzi wa lugha faida ambayo riwaya fupi haiwezi kumpa, kwani watu ni wale wale, nyumba ni ile ile, na msamiati wa kunyoa manyoya ya kondoo, moto wa porini, kanisa na mirathi unarudi mara nyingi hadi unakuwa wako. Mapenzi ya Meggie na padri Ralph de Bricassart yaligusa mahali nyeti katika nchi yenye Wakatoliki wengi kama Polandi, na ukitaja kitabu hiki mbele ya mwanamke wa Kipolandi aliyevuka miaka hamsini, kuna uwezekano mkubwa wa kupata mazungumzo marefu.

Ścieżki północy iache hadi mwisho. Flanagan alishinda tuzo ya Booker kwa riwaya hii mwaka 2014. Inawahusu mateka wa Australia waliolazimishwa na Wajapani kujenga reli ya Burma, ambapo baba yake mwenyewe alikuwa miongoni mwa mateka. Nyakati zinapishana, sentensi ni ndefu, na baadhi ya kurasa zinaumiza. Ni kitabu kikubwa, na kinastahili msomaji ambaye Kipolandi hakimsumbui tena.

Hatua ya sita: namna ya kusoma

Soma sura kwa Kipolandi hadi mwisho bila kufungua kamusi, ukipiga mstari kwa penseli chini ya maneno yaliyokuzuia kabisa, kama kitabu ni chako. Ndipo usome sura hiyo hiyo kwa Kiingereza. Kisha rudi kwenye Kipolandi, na safari hii tafuta yale tu ambayo bado hayajaeleweka. Anayeanza na Kiingereza husoma Kipolandi kwa kumbukumbu, si kwa macho, na hajifunzi sana.

Mazungumzo katika vitabu vya Kipolandi hayawekwi ndani ya alama za nukuu. Kila anayesema huanza na kistari kirefu kwenye mstari mpya, na kistari kingine hutenganisha maneno yake na maneno ya msimulizi. Mfano huu uliotungwa kwa ajili ya maelezo unatosha: „– Nie wiem – powiedziała. – Zapytaj ojca.” Kistari cha kwanza kinafungua kauli, cha pili kinamrudisha msimulizi, cha tatu kinarudi kwa msemaji. Msomaji aliyezoea vitabu vya Kiingereza hupoteza njia hapa, akadhani msimulizi ndiye anayesema. Fanya mazoezi kwa kurasa chache za kwanza: weka kidole kwenye kila kistari na useme kwa sauti ni nani anayezungumza.

Angalia pia vitenzi vya wakati uliopita. Kiingereza, kama Kiswahili, hakionyeshi katika kitenzi kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke, lakini Kipolandi huonyesha: „byłem” ni mwanamume, „byłam” ni mwanamke. Katika riwaya inayosimuliwa kwa nafsi ya kwanza, jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza aliweza kulificha, mfasiri analazimika kuliamua. Złodziejka książek inasimuliwa na Mauti yenyewe. Fungua ukurasa wa kwanza na utafute kitenzi cha kwanza cha wakati uliopita, uone mfasiri alimpa msimulizi huyo jinsia gani. Zoezi hilo dogo linafundisha sarufi kuliko jedwali.

Hatua ya saba: hakiki historia iliyomo

Riwaya ya kihistoria hufundisha kwa nguvu, na kwa sababu hiyo hiyo hupotosha kwa nguvu. Piknik pod Wiszącą Skałą kinasimulia wasichana wa shule waliotoweka Siku ya Mtakatifu Valentino mwaka 1900 katika jimbo la Victoria, na kimeandikwa kwa namna ambayo wasomaji wengi hadi leo huamini kwamba tukio lilitokea kweli. Ni la kubuni. Hapo kosa ni dogo.

Si dogo katika Tatuażysta z Auschwitz cha Heather Morris, mzaliwa wa New Zealand anayeishi Australia, kilichotoka mwaka 2018. Lale Sokolov alikuwepo kweli, alichanja namba wafungwa wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na baadaye aliishi Melbourne hadi kufa kwake mwaka 2006. Lakini makumbusho ya Auschwitz yalikihakiki kitabu na kuonyesha makosa mengi. Riwaya inampa Gita, mpenzi wa Lale, namba 34902, ilhali katika ushuhuda wake mwenyewe Gita alitaja 4562. Riwaya inasema Lale alimpatia penisilini mwanzoni mwa mwaka 1943, dawa ambayo kambini haikuweza kupatikana wakati huo. Msomaji aliyeko Polandi, nchi ambayo jambo hili lilitendeka kwenye ardhi yake na ambako familia nyingi zina ndugu waliofia humo, asikichukue kitabu hiki kama ushahidi. Akisome kama riwaya, na kwa historia atumie machapisho ya makumbusho yenyewe, ambayo yanapatikana kwa Kipolandi na Kiingereza.

Kitabu cha Thomas Keneally kinampa msomaji nafasi bora zaidi ya kuhakiki kwa miguu yake. Mwaka 1980 Keneally aliingia duka la bidhaa za ngozi huko Beverly Hills na kukutana na mwenye duka, Leopold Pfefferberg, Myahudi wa Kraków aliyeokolewa na Oskar Schindler, mwenye kiwanda Mjerumani. Pfefferberg hakumwachia Keneally aondoke bila kuisikia habari hiyo. Kilichozaliwa ni Schindler's Ark, mshindi wa Booker wa mwaka 1982, kinachotumia watu halisi na ushuhuda wa walionusurika. Kwa Kipolandi kinaitwa Lista Schindlera, sawa na filamu ya mwaka 1993.

Ukiwa Kraków, kisome kikiwa mkononi mwako. Geto, mtaa ambamo Wajerumani waliwafungia Wayahudi, lilikuwa upande wa Podgórze, kusini mwa mto Wisła, kuanzia Machi 1941 hadi lilipofutwa tarehe 13 na 14 Machi 1943. Anzia Plac Bohaterów Getta, penye viti vya chuma vya ukumbusho, na duka la dawa la Tadeusz Pankiewicz lililo kando yake, ambalo sasa ni makumbusho. Usichanganye eneo hili na Kazimierz, ng'ambo ya mto, ambako filamu ilipigiwa picha nyingi za geto, na ambako watembezaji wa watalii husimamisha watu mbele ya ua ulioonekana kwenye sinema. Kutoka uwanjani tembea hadi Lipowa 4, kiwanda cha Schindler chenyewe. Maonyesho yake ya kudumu yanahusu Kraków yote chini ya utawala wa Wajerumani, mwaka 1939 hadi 1945, na maelezo yapo kwa Kipolandi na Kiingereza, kwa hiyo njia ile ile ya kulinganisha lugha mbili inatumika hapa pia. Tiketi huisha mapema, hasa miezi ya kiangazi. Nunua mtandaoni siku kadhaa kabla, chagua saa ya asubuhi, na tenga angalau saa mbili.